Diski Ninayo, Pa Kuiweka Sina

Siku hizi kila kitu kinazaliwa na tarehe yake ya kufa. Maziwa ya pakti, sawa. Dawa ya mseto, sawa. Hata bibi yangu asiyejua kusoma humwagiza mjukuu ageuze boksi atafute tarehe. Lakini kompyuta? Kompyuta inayowaka, inayochapa, inayotoa mikataba ya kuuziana mashamba asubuhi na kadi za michango ya harusi jioni, nani aliyempa mtu mamlaka ya kuitangaza marehemu?

Taarifa ya msiba huu niliipata kwa mpwa wangu anayesoma mambo hayo chuoni Mwanza. Alikuja likizo, akaingia steshenari yangu hapa Nassa, hata maji hajapokea, akasema: "Mjomba, hii mashine imeshakufa, ni wewe tu hujaambiwa." Akanifafanulia kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 wenye mfumo unaoiendesha waliacha kuuhudumia, na kwamba mfumo uliofuata haukubali kuingia kwenye kompyuta isiyo na kijidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Yangu haina. Jina la kampuni nalihifadhi, maana bado nala kwa mali yake. Nikamwuliza mbona inachapa. Akasema kuchapa si hoja, hoja ni usalama. Usalama wa nini? Humo ndani mna ratiba ya kwaya na orodha ya wakulima waliopeleka pamba mizani. Mwizi akiiba ratiba ya kwaya namkaribisha mazoezini, sauti ya nne tuna upungufu.

Hapa Usukumani ng'ombe hata akizeeka hatupwi: nyama italiwa, ngozi itatandikwa, pembe nazo zitatafutiwa kazi. Kompyuta ikitangazwa imezeeka unabaki na bati na vumbi, na mpwa anayekutazama kwa huruma.

Ila huyu aliyekufa juzi kwa tangazo simlilii sana. Ninayemlilia yuko kwenye kona, chini ya meza ya mashine ya kudurufu. Namwita Mzee. Ni Pentium 4, mtumba wa ofisi fulani ya Ulaya. Kava lake lilikuwa jeupe, sasa limekuwa la njano, na kwa mbele bado pana alama ya gundi mahali palipobandikwa namba ya mali ya hao wenyewe. Mzee alikuwa na RAM ya megabaiti 256. Vijana wa leo wakisikia hivyo wanadhani nimekosea kutamka.

Enzi za ujana wa Mzee, Nassa haikuwa wilaya ya Busega wala mkoa wa Simiyu. Tulikuwa wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza, hadi mwaka 2012 tulipogawanywa tukapewa mkoa mpya na makao makuu Bariadi. Intaneti tuliifuata Mwanza. Unapanda basi, unafika, unalipia nusu saa kwenye intaneti kafe, unachapa kwa vidole viwili huku mwenye kafe anaangalia saa. Ni kwenye nusu saa ya namna hiyo nilipojaza fomu ya kuomba diski za Ubuntu.

Kwa wasioelewa: Ubuntu ni mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioanzishwa mwaka 2004 na kampuni ya Mark Shuttleworth, yule bwana wa Afrika Kusini aliyekwenda angani mwaka 2002. Miaka ile walikuwa wanakutumia diski kwa posta, popote ulipo duniani, bure. Hulipi diski, hulipi hata stempu. Nadhani mtu akishafika angani, kufikisha bahasha Nassa haimtishi.

Nilitumia sanduku la barua la shule ya hapa, kwa ruhusa. Wiki zikapita nikawa nimeshasahau, ndipo mwalimu mkuu akaniita. Bahasha ilikuwa mezani kwake na hakuna aliyeigusa. Wakati ule habari za Freemason zilikuwa zimepamba moto nchi nzima, na hapa kuna kitu kimetoka Ulaya, kina jina langu, na ni cha bure. Mwalimu mmoja alinishauri nisiifungulie ndani. Mwingine aliuliza kama nimesaini popote. Nilisaini, ndiyo, kwenye daftari la kupokelea vifurushi.

Ndani mlikuwa na diski kwenye majalada ya karatasi ngumu pamoja na vibandiko vidogo, vikiwemo vya kubandika kwenye kompyuta. Raha ya diski ile ni kwamba haikukulazimisha kufunga chochote. Unaichomeka, unawasha, kompyuta inasoma kutoka kwenye diski yenyewe. Draivu ya CD inaanza kunguruma, inanyamaza, inanguruma tena, taa ya kijani inapepesa, unakwenda kunywa chai. Ukirudi unakuta skrini ya kahawia. Kahawia ya udongo, si ule ubluu wa hospitali. Halafu ngoma. Kweli kabisa, sauti ya kuingilia ilikuwa na midundo ya ngoma. Wazee wa Bagika na Bagalu, vyama vyetu vya ngoma za Kisukuma, wasingekubali kuiita ngoma, lakini hadi leo sijasikia kompyuta nyingine iliyojaribu.

Na matoleo yake waliyaita kwa majina ya wanyama. La kwanza kabisa lilikuwa la ngiri. Kwingine duniani labda watu walihitaji picha. Sisi ngiri tunawaona tukielekea geti la Ndabaka la Serengeti, wamesimamisha mikia, wanakimbia bila kujua wanakokwenda. Nikasema huu mfumo unatujua.

Sasa nieleze uchumi wake, kwa sababu nyumbani waliniambia nachezea vitu vya bure wakati watoto wanataka ada. Miaka ile kila flashi iliyopita Mwanza ilirudi na virusi. Mwalimu anakuja na mitihani ya muhula, anachomeka, folda zote zimegeuka njia za mkato zisizofika popote. Au anakuta kitu kimejivika sura ya folda, anakibofya, kumbe ndio ugonjwa wenyewe. Mwalimu anatoka jasho. Namwambia, mwalimu kaa. Nachukua flashi, naipeleka kwa Mzee. Virusi vile viliandikwa kwa ajili ya mfumo mwingine; kwa Mzee vilikuwa vimekaa hadharani, vimevuliwa nguo, kila kimoja na jina lake refu la ajabu, pembeni ya mitihani iliyokuwepo siku zote ila imefichwa. Navichagua, nafuta, narudisha flashi. Mwalimu anauliza nimesomea wapi. Nanyamaza kidogo, nataja bei.

Walikuja kutoka Nyashimo, walikuja kutoka Lamadi. Makatibu wa vyama vya msingi, wainjilisti, mabwana shamba. Hata fundi simu mmoja aliyekuwa akinicheka kwa kutumia "kompyuta ya bure" alikuja na flashi yake jioni, akaifunika kwa kiganja.

Kitu cha pili alichokuwa nacho Mzee kilitoka nyumbani. Kijana wa hapa aliyekuwa akisoma Mlimani aliniletea Jambo OpenOffice, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ikazinduliwa Desemba 2004. Ni programu ya kuandikia na kupigia mahesabu ambayo menyu zake zote zilikuwa kwa Kiswahili. Zote! Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye jina la dawa ya pamba, alivuta kiti, akasoma menyu kutoka juu hadi chini kwa sauti, akafungua barua yake mwenyewe na kuihifadhi mwenyewe. Kisha akagoma kulipa, akidai kazi kafanya yeye. Nikamwelewa, ila nilichukua hela ya karatasi.

Leo programu ninayotumia inaipigia mistari myekundu barua nzima kuanzia "Ndugu Mwenyekiti" hadi "Wako mtiifu". Mteja anakodolea macho skrini, anauliza kama barua yake ina makosa. Namwambia hapana baba, ni Kiswahili tu.

Mpwa wangu, katika kunifariji au kunidhihaki, sijajua bado, alinieleza kwamba Ulaya na Marekani wapo wazee wenye ugonjwa huu kunizidi. Wapo wanaoililia Amiga, kompyuta iliyotoka mwaka 1985 ikiwa na rangi na sauti ambazo wenzake hawakuwa nazo, kisha kampuni yake, Commodore, ikafilisika Aprili 1994. Nikapiga hesabu: mwaka huohuo ITV ndiyo kwanza inaanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Yaani wao wanaizika kompyuta yenye michezo ya rangi, sisi wa bara ndiyo tunaipokea televisheni. (Wazanzibari wasicheke, tunajua walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wametukumbusha vya kutosha.) Wapo pia wa BeOS, mfumo wa Mfaransa Jean-Louis Gassée aliyewahi kuwa mkubwa pale Apple. Kampuni ilikufa mwaka 2001. Wapenzi wake wakakataa matanga, wakaanza kuuandika upya kutoka mwanzo, wakauita Haiku, na toleo la kwanza la majaribio la hatua ya beta wakalitoa mwaka 2018. Miaka kumi na saba! Halafu mimi ndiye ninayeitwa mkaidi.

Tofauti ni kwamba hao wazee waliipenda kompyuta wakiwa watoto, ikiwa mpya, baba kaileta nyumbani kwenye boksi. Sisi tuliipata ikiwa imeshaachika. Nchi hii yenyewe ilianza mapema, usidhani: kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ikawasumbua kwenye hesabu, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Nilipokuwa kijana nilidhani ule ulikuwa ushamba. Siku hizi foleni ikiwa hadi nje, mtu anataka fomu za ajira na dirisha linafungwa saa sita usiku, mashine inaamua yenyewe kujisasisha na kuandika "usizime kompyuta yako", bando linayeyuka, umeme unakonyeza, nawafikiria wale wakubwa wa 1974 kwa heshima kubwa.

Lakini hawa wa Ubuntu nao nina neno nao. Ni wazima, wanaendelea kutoa matoleo, mtu asidhani nawasingizia kifo. Waliokufa ni wa kwangu. Mwaka 2010 walianza kwa kuifuta kahawia, wakaleta zambarau. Nikanyamaza. Wakati huohuo wakahamisha vitufe vya kufunga dirisha kutoka kulia kwenda kushoto. Nani aliomba? Kidole changu kilikuwa kinakwenda kulia chenyewe bila kuniuliza. Aprili 2011 wakafanya mawili kwa mpigo: wakasimamisha utumaji wa diski za bure, na wakaleta sura mpya iitwayo Unity, yenye safu ya picha kubwa upande wa kushoto, ambayo Mzee alipoiona alisimama kabisa. Aprili 2017 wakatangaza kwamba Unity basi, wanairudia GNOME, sura waliyoiacha. Nikafurahi, nikasema wametubu. Toleo lilipotoka Oktoba, lilikuwa limeacha diski za kompyuta za zamani, za 32-bit. Mzee ni 32-bit. Yaani karamu imerudi, mlango umefungwa.

Ugonjwa huu usidhani ni wa wanaume wenye kompyuta. Yupo mayu, yaani mama, jirani yangu, muuza dagaa, mwanawe alimnunulia kitochi cha 4G. Vitochi hivyo vilikuja Tanzania mwaka 2019 na vilitumia KaiOS, mfumo uliozaliwa kutoka Firefox OS, ule ambao Mozilla walitangaza Desemba 2015 kwamba hawautaki tena kwenye simu. Kwa hiyo mayu, bila kujua, alikuwa anatumia mtoto wa marehemu. Akazoea: kitochi kinakaa na chaji siku kadhaa, kinaanguka kwenye ndoo ya dagaa kinafutwa kwa khanga, na kuna ile programu ya kutumiana ujumbe na sauti na mwanawe aliyeko Dar. Mwaka jana akaja nayo imefunga. "Mwangaluka mwanangu, hebu niangalizie, imegoma." Nikaangalia. Nikamweleza kwamba wenyewe wameamua isifanye kazi tena kwenye simu za aina hii. Akauliza, "Wenyewe akina nani?" Nikasema wako Marekani. Akauliza wamemwona wapi na kitochi chake. Sikuwa na jibu. Akasema simu ni nzima, hajakosa malipo, hajaiangusha juzi. Akakaa kwenye benchi langu, akamsimulia kila aliyeingia kudurufu.

Sasa huo ni uchungu tu, ungepoa. Kilichonifanya niandike ni kikundi chetu cha kufa na kuzikana.

Katiba ya kikundi niliichapa mimi, kwa Mzee, kwenye Jambo OpenOffice, nikaihifadhi kwa mtindo wake wa zamani, faili linaloishia na sxw. Nakala ya karatasi ilikuwa kwa mweka hazina. Mchwa wameipitia kurasa zote isipokuwa jalada na mhuri. Mwezi uliopita mwanachama alifiwa na baba mkwe. Anadai katiba inasema mkwe analipiwa rambirambi kamili. Katibu anasema katiba inasema mkwe ni nusu. Mwenyekiti anasema mkwe hayumo, tusianzishe utaratibu wa kuzika ukoo mzima wa mtu. Kila mmoja ananukuu kifungu, na kila mmoja kifungu chake kina namba tofauti. Wakaja wote dukani wakitaka katiba itoke.

Mzee hawaki. Yaani anawaka, feni inazunguka, anafika mahali anaandika sentensi moja nyeupe kwenye weusi, basi. Mfumo ndio ulioharibika. Diski ngumu bado naisikia inazunguka, na katiba imo. Dawa ya hali hii ni ileile diski ya posta: unachomeka, unawasha kutoka kwenye CD, unaingia ndani, unachukua faili lako, unatoka. LibreOffice ya leo inafungua sxw bila shida, hilo nimeshahakikisha. Diski ninayo, safi, haina mkwaruzo, imo kwenye jalada lake. Draivu ya CD ya Mzee ndiyo imekufa. Inatoa trei, inairudisha, inaitoa tena, basi. Ile mashine nyingine, mahali pa CD pamewekwa kifuniko cha plastiki tangu ilipotoka kwa muuzaji.

Mpwa akasema, "Mjomba, mbona rahisi, pakua Ubuntu mpya uiweke kwenye flashi." Ubuntu mpya inazidi GB 5. Ya posta ilitosha kwenye CD moja ya megabaiti 700, na ngoma zake. Hata ningepata bando la kuipakua, hiyo mpya Mzee haimkubali, tumeshaongea habari za 32-bit. Akasema basi nitafute ya zamani niiweke kwenye flashi. Mzee hawaki kwa flashi, alizaliwa kabla ya mambo hayo. Akasema basi nitoe diski ngumu niipeleke Mwanza. Mwenyekiti akakataa katiba kusafiri bila mjumbe, mjumbe akataka posho, na posho nayo ina kifungu chake.

Nimeulizia Lamadi. Fundi mmoja alinionyesha redio ya gari. Mwingine aliniuliza kama nataka kusikiliza kwaya, anazo zote kwenye memori kadi. Kwa hiyo natangaza hapa: yeyote kuanzia Magu hadi Bariadi mwenye draivu ya CD ya zamani, ile ya waya mpana wa kijivu wenye pini nyingi, si hii ya waya mwembamba, aje steshenari Nassa, karibu na barabara kuu, aulize mwenye Mzee. Iwe inasoma, kuandika si lazima. Bei ataitaja yeye na kikundi ndicho kitakacholipa. Kifungu kinachoruhusu matumizi ya dharura kipo kwenye katiba, nakumbuka nilikichapa mwenyewe, ila mweka hazina anasema hatoi hata senti kabla hajakiona.